Maini Mia Nne na Kumi na Sita

Barua ya daktari wa Thika ilifika shambani kwa Bwana Kofia siku ya Ijumaa, ndani ya lori moja na magunia ya mbolea, na kwa hivyo kila aliyeisoma ilimbidi apige chafya kwanza. Karani Jared alipiga chafya tatu, akapangusa pua, akasema mambo yaliyomo ni makubwa na yanataka mkutano.

Shamba lenyewe lilikuwa la kahawa, juu kidogo ya Ruiru ukielekea Juja. Mwaka huo wa 1956 vibarua wake wengi walikuwa wageni, Wakamba wa Machakos na Kitui na watu wa magharibi, walioletwa kujaza nafasi za wenyeji waliohamishwa wakati wa Hali ya Hatari. Tangu mvua za masika ziishe, ugonjwa ulikuwa umeingia katika laini za nyumba zao. Mtu aliamka macho yake manjano kama ua la malenge, mkojo wake mweusi kama chai iliyosahaulika jikoni, na mwili wote umelegea hata jembe linamshinda. Wanne walikuwa wameupata. Mmoja alirudishwa kwao Kitui amelazwa juu ya lori.

Barua ilisema huo ni ugonjwa wa ini. Ilisema pia kwamba kila shamba lifanye mpango: linahitaji watu wangapi wa kuhudumia wagonjwa wa ini, wawe watu wa namna gani, na majina yao ni nani. Watakaokubaliwa wangefundishwa hospitalini Thika miezi sita, halafu warudi kutibu wenzao.

Mkutano ulifanyika katika zahanati, kwa sababu zahanati ilikuwa na benchi. Walioketi walikuwa watatu. Wa kwanza ni nyapara Muasya, Mkamba mpana wa mabega, ambaye sauti yake ilisikika kutoka mtoni hadi kwenye kinu. Wa pili ni Jared karani. Wa tatu ni Nicanor, dresa wa zahanati, ambaye kwa miaka kumi na minne alikuwa ametibu kila ugonjwa kwa chumvi ya haluli, ile ya kuharisha, na akikuta ugonjwa mkaidi alitibu kwa chumvi ya haluli vijiko viwili.

Wa nne hakuwa ameketi. Huyo ni Syokau binti Mulei, msichana wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa akipiga deki pembeni. Alisoma hadi darasa la nne kwao Kangundo, baba yake akasema madarasa manne yanamtosha mtu wa kuteka maji. Miaka miwili sasa alikuwa akiosha chupa na mashuka ya zahanati. Kazi ya kufagia ina faida yake: mtu akikuona umeshika ufagio, hakuoni tena, naye Syokau alikuwa ametazama kila aliyeingia mlangoni mpaka akamjua mgonjwa kwa namna anavyovuta miguu. Wale wanne wa macho manjano aliwaona yeye kabla ya Nicanor, ila hakuna aliyemwuliza.

Na sasa alilitaka jina lake liwe katika ule mpango. Alilitaka sana, kwa sababu nyapara alikuwa ameshatangaza kwamba mwezi ukiisha zahanati haina haja ya mtu wa kuosha chupa, na Syokau atarudi kuchuma kahawa. Hii barua ndiyo iliyokuwa nafasi yake, na nyingine haikuonekana kuja.

"Tuanze na hesabu," alisema Muasya. "Karani, hii shamba iko na watu wangapi?"

"Mia nne na kumi na sita."

"Na kila mtu ana ini ngapi?"

Wote wakamgeukia Nicanor. Dresa alifikiri. "Moja," alisema.

"Una hakika?"

"Mzee, nimefanya kazi miaka kumi na minne. Mtu wa mbili sijakutana naye."

"Andika, karani. Maini mia nne na kumi na sita." Muasya alijikuna shingo. "Sasa. Mtu mmoja kwa siku anapogoa miti sitini ya kahawa. Hiyo ndiyo kazi ya siku moja, ndiyo inaandikwa kwenye tiketi yake. Ini na mti wa kahawa, kubwa ni gani?"

"Mti ni mkubwa," alisema Jared.

"Ini iko na matawi?"

"Haina," alisema Nicanor, ingawa hapo sauti yake ilipungua nguvu kidogo.

"Basi mtu akiweza miti sitini, ataweza maini mia na ishirini, na saa kumi amemaliza anaoga mtoni. Gawanya."

Jared aligawanya. Kalamu ilikwaruza muda mrefu. "Tunahitaji mabingwa watatu na nusu," alisema.

Hakuna aliyecheka. Muasya alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyeona nyumba yake imesimama wima. "Watatu na nusu. Hiyo ni hesabu safi. Mashamba mengine wataandika tu namba ya kuota."

Wakaja kwenye majina. Nicanor aliandikwa kwa sababu yeye ndiye dresa. Jared alijiandika mwenyewe, akieleza kwamba ugonjwa bila maandishi ni uvumi. Kwa nafasi ya tatu Muasya alisema lazima apatikane mtu aliyewahi kuliona ini kwa macho yake, maana hapa wanazungumza tu. Wakamwita Wamalwa, mchinjaji wa laini, Mbukusu mkubwa mwenye kucheka, na alipofika wakamwuliza kama anajua ini.

"Ini?" alisema Wamalwa. "Nikiwa nimefunga macho, wazee. Ya mbuzi, ya ng'ombe, ya kondoo. Naweza kukuambia kwa kushika tu huyo mbuzi alikuwa na tabia gani."

"Na ya mtu?"

"Hiyo bado sijapata ruhusa."

Akaandikwa.

Jared alikuwa akikausha wino aliposikia sauti kutoka kwenye ndoo ya deki.

"Samahani, wazee wangu," alisema Syokau. "Ile nusu ni nani?"

Wanaume walitazamana. Nusu walikuwa wameisahau, na ilikuwa pale kwenye karatasi, imepigwa mstari chini.

"Nusu itapatikana," alisema Muasya.

"Tumwandike Wamalwa mara moja na nusu," alisema Jared. "Ukimwangalia, anatosha."

"Au tupeleke mtu mfupi," alisema Nicanor.

Syokau alikamua tambara lake taratibu. "Mzee Muasya, shambani nusu ya kazi hupewa nani?"

Sheria ilikuwa yake mwenyewe, na aliipigia kelele kila asubuhi mbele ya watu wote: mwanamume kazi nzima, mwanamke nusu kazi. Kuikana sasa kungekuwa kuharibu shamba.

"Hupewa mwanamke," alisema hatimaye.

"Na mwanamke ambaye ameshazoea zahanati ni yupi?"

"Msichana, wewe umeanza lini kuongea?"

"Leo, mzee."

Jared alichovya kalamu. Alikuwa karani, na nafasi tupu kwenye karatasi ilimuuma kama jino. "Niandike?"

"Andika," alisema Muasya. "Lakini nusu ni nusu. Ataenda asubuhi tu. Saa sita juu ya alama anarudi, hata kama mwalimu yuko katikati ya neno."

"Na atafundishwa nusu gani ya ini?" aliuliza Jared.

"Ya juu. Hiyo ya chini ni ya wanaume."

Mpango ukaenda Thika. Baada ya siku nane jibu likaja, maneno machache tu: daktari anataka kuwaona wote Jumatano, na hasa anataka kuiona ile nusu.

Jumatano walipanda lori la shamba, juu ya magunia ya kahawa. Jared alibeba wino na daftari jipya. Nicanor alibeba chupa ya chumvi ya haluli, ile kubwa. Wamalwa alibeba visu vyake vinne, amevifunga ndani ya gazeti, kwa sababu fundi haendi kazini mikono mitupu. Syokau hakuwa na kitu ila kitambaa cha kichwa na hofu. Naye nyapara Muasya alikuja ili saa sita ikifika airudishe nusu yake shambani.

Barabarani Wamalwa aligawa mahindi ya kuchoma. Muasya alikataa.

"Mzee, huli?" aliuliza Wamalwa. "Hii ni mahindi ya jasho langu."

"Nimeshiba."

"Umeshiba tangu Jumapili."

"Wamalwa, hesabu meno yako, wacha yangu," alisema Muasya, akajikuna mkono, halafu tumbo, halafu akauingiza mkono ndani ya shati akajikuna mgongo mpaka lori likapita Witeithie. Syokau alimtazama. Halafu akatazama miti, kwa sababu nyapara hatazamwi sana.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, na Kiswahili chake alikuwa amekipata jeshini, kwa hivyo kilikuwa na amri tu. Aliwaingiza katika chumba kimoja. Pazia zito lilikuwa limefungwa kuzuia jua, na juu iliwaka taa ya umeme. Kwenye benchi waliketi watu sita.

"Hapa wawili iko na ugonjwa ya ini," alisema daktari. "Nyinyi tafuta. Moja moja. Anza."

"Wazima watangulie," alisema Muasya. "Nusu itafuata."

Daktari alimtazama Muasya, akamtazama Syokau, akaandika kitu.

Wamalwa alitangulia. Alipita mbele ya benchi mara mbili, mikono nyuma, kama anavyopita penye mbuzi siku ya soko. Alimbana mmoja mbavu. Alimfungua mwingine mdomo akahesabu meno yake. Alimwambia wa tatu asimame atembee kidogo, akatikisa kichwa. Mwishowe akamgeukia daktari, uso umejaa huzuni ya mtu mkweli.

"Daktari, sitakudanganya. Kwa nje hawa wote wanafanana. Tufungue mmoja, nitakuonyesha kila kitu." Akaanza kufungua gazeti.

Mgonjwa wa kwanza kushoto, kijana aliyekuwa na bandeji mguuni, alitoka kwa kupitia dirishani, pazia na yote, na hakurudi. Daktari alivichukua visu akavifungia kabatini. Pazia lilirudishwa mahali pake. Wakabaki watano.

Jared alivuta kiti. Akamwuliza kila mmoja jina, jina la baba, jina la chifu, mwaka wa kuzaliwa, na kama hajui mwaka, kulikuwa na njaa au hakukuwa na njaa. Ilichukua karibu saa nzima. Alipomaliza alisimama akasoma yote kwa sauti, akaketi.

"Nani mgonjwa?" aliuliza daktari.

"Bado hilo sijafika," alisema Jared. "Hapo ni ukurasa wa tano."

Ikawa zamu ya Nicanor. Nicanor hakubahatisha. Alitoa chupa akampa kila mtu vijiko viwili vya chumvi, akawanywesha maji juu yake, akaegemea ukuta.

"Sasa nini?" aliuliza daktari.

"Sasa tunangoja, bwana. Ugonjwa utajitokeza wenyewe."

Baada ya muda si mrefu mmoja alisimama haraka akatoka. Akafuata wa pili. Wa tatu alikimbia. Msaidizi wa daktari akawa anaonyesha njia ya choo kwa kidole tu, bila kusema. Benchi likabaki na mama mmoja mwenye shali ya buluu, aliyeshika tumbo lake kwa mikono miwili na kumtazama Nicanor kwa chuki, na mzee mmoja aliyelala usingizi.

"Hao waliobaki ndio wagonjwa," alisema Nicanor. Kisha yule mama naye akaondoka mbio, na Nicanor akasema kwamba huenda ni mmoja.

Daktari alifunika uso kwa kiganja. Wakangoja watu warudi. Muasya, ambaye alikuwa amesimama tangu asubuhi, akajishusha polepole mwisho wa benchi palipokuwa na nafasi, akaegemeza kichwa ukutani. Wanne walioondoka waliporudi wakaketi kando yake, wamechoka, kila mmoja amejifunza kutopokea kijiko cha mtu asiyemjua.

"Nusu," alisema daktari. "Wewe. Anza."

Syokau alisonga mbele. Alitazama nyuso zile moja moja, na zote zilikuwa manjano. Macho yote yalikuwa manjano, hata ya daktari. Akainua kichwa akaitazama taa.

"Naomba taa izimwe, bwana," alisema. "Na hawa watu watoke nje kwenye jua."

Daktari akaacha kuandika. Alizima taa mwenyewe.

Kwenye veranda Syokau hakuwa na haraka, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kufanya kazi. Alimshika kila mmoja kidevu, akavuta chini ngozi ya jicho kwa kidole gumba, akatazama ule weupe. Alitazama viganja. Aliuliza kwa sauti ya chini mkojo wa leo ulikuwa rangi gani, na wanaume wakaona haya wakamjibu. Aliuliza kama harufu ya mafuta yakikaangwa inawachafua roho. Hapo kengele ya saa sita ikagonga.

"Saa sita," alisema Muasya kutoka mwisho wa mstari, maana msaidizi alikuwa amemtoa nje pamoja na wenzake na hakuwa na nguvu za kubisha. "Nusu yako imeisha. Lori linangoja."

Syokau alimwachilia mgonjwa aliyekuwa naye, akashika anayefuata.

"Wewe msichana. Husikii?"

"Nasikia, mzee. Bado mmoja."

Alimaliza. Akamwonyesha yule mama wa shali ya buluu. Akamwonyesha mzee aliyekuwa amelala. Daktari aliangalia karatasi yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ndiyo. Hao wawili. Nzuri sana. Kwisha."

"Haijaisha, bwana," alisema Syokau. "Kuna wa tatu."

"Tatu hapana. Mimi naweka wawili."

"Huyu amejiweka mwenyewe." Na akanyoosha mkono kuelekea mwisho wa mstari.

Wamalwa alianza kucheka, akaacha.

"Mimi ni nyapara," alisema Muasya, kana kwamba ini lingeogopa cheo.

"Ni nyapara, ndiyo," alisema Syokau. "Na tangu Jumapili hujala. Leo umejikuna kutoka Ruiru mpaka hapa, na hakuna mdudu aliyekuuma. Nisamehe, mzee. Geuka kidogo kwa jua."

"Mimi nakula vizuri sana."

"Jana alinipa isyo yake yote, mahindi na maharagwe," alisema Jared. "Na juzi. Ninayo kwenye maandishi."

Daktari alimgeuza Muasya kwa bega, akamvuta jicho kwa kidole. Lilikuwa manjano kabisa. Akambonyeza chini ya mbavu za kulia, na Muasya, ambaye sauti yake ilisikika kutoka mtoni hadi kwenye kinu, alitoa mlio mdogo kama wa mlango wa kabati.

Walimlaza siku hiyo hiyo. Akiwa amevaa nguo za hospitali zisizofunga vizuri mgongoni, alimweleza daktari kwa ukamilifu jinsi walivyofikia watatu na nusu: miti sitini, ini halina matawi, saa kumi mtu anaoga. Daktari aliketi ukingoni mwa kitanda akasikiliza yote. Alisema kuna shamba lililoomba watu arobaini, na jingine lililosema halina ini hata moja. Alisema nafasi za mafundisho alizonazo kwa mashamba yote ni nne. Kutoka kwa Bwana Kofia angechukua mtu mmoja tu, siku nzima, miezi sita.

Jared alikohoa, akanyoosha kola.

"Jina," alisema daktari, akimtazama Syokau.

"Syokau Mulei," alisema, akalitaja herufi moja moja, akiifuata kalamu kwa macho mpaka herufi ya mwisho, asije akaruka moja.

"Lakini nyapara lazima toa ruhusa," alisema daktari. "Huyu ni mtu wako."

Muasya alitazama dari. Lilikuwa jambo zito, na alilipima. "Hapa nitalala siku ngapi?"

"Wiki tatu. Pengine nne."

"Na hizo wiki zote nani atakuwa ananitazama?"

"Wanafunzi."

Muasya alimtazama Nicanor, ambaye bado alikuwa na chupa mkononi, imebaki nusu. Akamtazama Wamalwa, aliyekuwa akimwuliza msaidizi kwa upole atarudishiwa visu vyake lini. Akamtazama Jared, aliyekuwa ameshafungua daftari na kuandika "Muasya" juu ya ukurasa mpya.

"Ruhusa ipo," alisema upesi. "Awe huyu msichana. Mwandike kwa wino."

Lori likaondoka na wanaume watatu na visu vinne. Syokau alipewa aproni iliyomfika vifundoni na kitanda katika nyumba ya wasaidizi, na usiku huo alilala kidogo sana kwa furaha.

Alfajiri aliingia wodini akamkuta Muasya ameketi, miguu chini, akitafuta viatu vyake. Ilikuwa saa ya kuamsha watu shambani, na mwili wake haukujua kwamba uko Thika.

"Unaenda wapi, mzee?"

"Kengele. Nani atapiga kengele?"

"Atapiga Jared. Lala."

"Mimi najisikia mzima kabisa, mwaitu, mama yangu. Hata kujikuna nimeacha," alisema Muasya, akijikuna.

"Lala, mzee Muasya."

Akalala. Syokau akamvutia blanketi mpaka kidevuni, akamwekea maji ya sukari karibu.

"Na nitaamka lini?"

"Macho yakiwa meupe."

"Yatakuwa meupe lini?"

"Nitakuambia."

Nyapara Muasya maisha yake yote hakuwahi kungoja ruhusa ya mtu ila ya Bwana Kofia. Alifikiri kidogo. Kisha akalifungua jicho lake la kulia kwa vidole viwili, akaligeuzia dirishani kulikokuwa kukipambazuka, akatulia hivyo, ili aanze kutazamwa mapema.